Mgongoni mwa Muuza Magodoro

Jumatatu, 6 Mei 2013
Nyonga bado. Nauza magodoro hapa Babati tangu ujana, na mimi ndiye nisiyelala. Aibu. Jana nilijaribu la inchi nane – nyonga ikauma vilevile. Mke wangu Amna anataka niende hospitali, kwa sababu ya ile figo iliyotolewa mwaka juzi, yenye saratani. Nikamwambia figo ilikuwa ya kushoto, nyonga ni ya kulia. Hata njia haielekei. Akanitazama kama maziwa yaliyochacha.

Jumatano, 8 Mei
Leo la inchi kumi, dukani, mchana kweupe. Usingizi ukanipitia. Kuamka, Mama Wiliam wa Mutuka kasimama juu yangu, anabonyeza godoro karibu na bega langu. Anasema kama mwenye duka anakoroma hivi, basi analitaka hilohilo. Biashara njema. Tatizo – kunyanyuka siwezi. Nikamwambia namwonyesha uimara. Nikaonyesha uimara mpaka Amna alipoleta chai. Wakaninyanyua, kila mmoja na kwapa lake. Mama Wiliam akanipa pole, kisha akaomba punguzo, maana godoro limeshatumika.

Ijumaa, 10 Mei
Hospitali. Nilikwenda kumnyamazisha Amna tu. Wakapiga picha. Daktari kijana, anaitwa Yoakimu, akaanza na “Shikamoo, mzee Hatibu,” taratibu mno. Nikajua hakuna jema.

Ni saratani ileile ya figo. Imehamia mfupa wa nyonga. Nikauliza kwa nini. Akasema uvimbe wangu ulikuwa mkubwa, tena ulikuwa umeshatoka nje ya figo, na wa namna hiyo ndio hupenda kusambaa. Amna akauliza habari za sigara zangu. Zinachangia saratani ya figo yenyewe, akasema daktari. Amna hakunitazama. Angenitazama ingekuwa nafuu.

“Nitapona?”

Kupona kabisa haahidi. Ila kwa picha hii ni sehemu moja tu, na wenye sehemu moja mara nyingi huishi zaidi kuliko wenye nyingi. Niende Dar wapime mwili mzima, na mionzi itatuliza maumivu. Nisibebe kitu, mfupa usije ukavunjika.

Nikamuuliza yeye analalia godoro gani. La tangu chuoni, kumbe! Nimemwahidi bei nzuri.

Jumapili, 12 Mei
Ibra wa duka la simu kaniazima mkongojo wa marehemu baba yake. Mfupi. Natembea kama natafuta sindano. Mama Wiliam karudi: godoro zuri, lakini mumewe anauliza nililalia upande gani.

Jumanne, 14 Mei
Basi la Dar ni kesho alfajiri. Amna anapanga begi. Anasema tutakaa wiki mbili hivi. Nimeona ametia kanzu yangu ya Idi. Idi ni Agosti.

“Kanzu ya nini, Mama Mariamu?” nikamuuliza Amna.

“Nguo nyingine hazijakauka.”

Nimechungulia uani. Zimekauka zote, upepo unazirusha.

Nikarudi chumbani. Nikamwambia basi atie na kofia yangu.

Akasema ameshatia.