Nimemwomba Akupandishe Boti

Salale, 4 Machi 2024

Mke wangu Kijakazi,

Shikamoo, japo mume hamwamkii mkewe. Hali yako? Magoti je, na mpunga? Huku miye mzima, dume la mbegu. Nakuandikia kwa sababu juzi nilipopiga simu kwa Mama Mwanaamina ulijibu "ndiyo" kila nilichouliza, hata nilipouliza kama una mchumba mwingine. Masikio hayo ni ya barua tu.

Kaa wananijua. Wakisikia hatua zangu kwenye matope ya mikoko wanatoka wenyewe, mikono juu. Badru, nahodha wetu, anasema hajaona kijana kama mimi tangu azaliwe, na hapo sijamnunulia hata soda.

Kitu kimoja. Shingoni nimeota kanundu, kama dume la ng'ombe. Hakaumi. Nafikiri ni akili zimejaa kichwani zinatafuta pa kukaa, si unajua nilifika kidato cha pili? Badru anauliza nitachinjwa lini.

Mumeo mtanashati,
Kondo


Mtawanya, 13 Machi 2024

Mume wangu Kondo,

Marahaba. Bwana asifiwe. Mimi mzima, magoti ndiyo yaleyale. Mvua imeshika, nguruwe wameingia shambani, na mume niliyenaye yuko mikokoni anabembeleza kaa.

Nundu yako nimemsomea jirani yangu Mwanaamina saa ya kufuturu, tumecheka mpaka uji ukamwagika. Kila palizi unaota ugonjwa mpya. Mwaka jana mgongo. Mwaka juzi ukajifanya umekufa kabisa, ukamtuma rafiki yako Iddy aje kuniomba sanda. Njoo na hiyo nundu tukufunge jembe la kukokota.

Na ukilala piga goti, hata moja. Isiwe Badru peke yake ndiye anayejua saa za sala.

Mkeo wa ndoa,
Kijakazi


Salale, 29 Machi 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumai u mzima. Leo Ijumaa Kuu, najua umeshinda kanisani.

Barua hii naiandika mara ya tatu. Mbili nimezichana, maana kila nikianza najikuta natania. Nundu imefika limau, na kwapani iko nyingine. Nikilala naloa jasho kama niliyetoka kuogelea. Suruali naifunga kwa kamba. Mganga wa zahanati kaniminya, kisha akaandika karatasi: Kibiti, halafu Dar, wiki hii hii. Nikamwambia nasubiri bamvua ipite, maana maji makubwa ndiyo ya kaa. Uongo. Naogopa.

Najua nilimtuma Iddy. Sasa mtu aliyezoea kudanganya aandikeje ili aaminiwe? Nikitaka kusali nako naona haya, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyoipita miaka bila salamu.

Mjukuu wako,
Kondo


Mtawanya, 2 Aprili 2024

Mjukuu wangu Kondo,

Bwana Yesu asifiwe. Nilipoona umeanza na "Bibi yangu", nilikaa chini kabla ya kusoma. Tangu ujue kushika kalamu hujawahi kuniita hivyo. Nisamehe kile kicheko.

Nimefunga siku tatu. Jana wazee wa kanisa walikuja, wote wanne. Mwinjilisti alileta mafuta, na kwa kuwa weye hupo tukalipaka shati lako la shule. Mwanaamina alikaa nje mkekani na saumu yake, akasema atakuombea kwa namna yake.

Wazee walitaka tuombe uponyaji palepale. Nikawakataza. Babu yako alikufa tukimwombea kitandani, na gari la hospitali likipita barabarani kila siku. Sirudii. Sijamwomba Mungu akuponye ukiwa umekaa mikokoni. Nimemwomba akupandishe boti.

Panda.

Bibi yako,
Kijakazi


Mtawanya, 24 Aprili 2024

Kondo,

Salamu. Badru alifika hapa leo. Anasema alikushusha gatini Nyamisati tarehe nne, mkaagana unacheka. Kheri, mtoto wa Mwanaamina, alikwenda hospitali Kibiti tarehe kumi. Jina lako halikuwapo.

Leo siku ya ishirini. Nikisali, nikifika kwenye jina lako nakwama. Niombe apone, au niombe aonekane? Kama ni utani, mwanangu, umeshinda. Andika hata mstari mmoja. Barua hii nampa Badru, naye kaapa atakutafuta.

Bibi yako


Dar es Salaam, 17 Mei 2024

Bibi yangu,

Shikamoo, na pole kwa kuwa na mjukuu kama mimi. Niko hai, wodini. Barua yako Badru kaileta mwenyewe juzi, kanitafuta wodi kwa wodi mpaka walinzi wakamjua jina.

Mungu alikusikia, alinipandisha boti. Kushuka ndiko nilikotumia akili zangu mwenyewe. Nililiona basi la Kibiti, nikaligeuzia mgongo. Siku tisa nikabaki palepale Nyamisati napakua samaki, nawaambia watu nimeumwa na nyuki. Siku ya kumi nikashindwa kuinua tenga la kamba wabichi, miye niliyekuwa nabeba mawili na kumcheka mwenye moja. Nikakaa juu yake nikalia mbele za watu. Siku hiyohiyo nikaenda Kibiti, nao wakanileta Dar. Kukupigia sikutaka kabla sijapata jibu.

Jibu ni saratani, ya tezi. Daktari anasema ya namna hii mara nyingi husikia dawa. Mara nyingi, hakusema mara zote. Dripu sita, kila wiki tatu moja. Ya kwanza jana.

Ilipoletwa nilitetemeka mpaka kitanda kikalia. Jirani yangu, Mzee Mohamedi wa Mkongo, anayetundikiwa dawa ileile, akaniambia, "Weye si mtu wa kanisa? Omba basi, nami niitikie." Bibi, kichwa kikawa cheupe. Niliyoikuta mdomoni ni moja tu, ile ya kabla ya kula. Nikaiomba hiyohiyo, wodi nzima inasikia: Baba, asante kwa hiki ulichotupa. Ukibariki, kiwe nguvu mwilini. Wabariki waliokiandaa, na wasio nacho uwapatie.

Mzee akasema amina. Muuguzi naye amina, akafungua dripu.

Nimetapika mpaka asubuhi. Mzee anadai ni sala ya ubwabwa ndiyo imenitapisha.

Njoo, Kheri atakusindikiza. Zimebaki tano. Unifundishe nyingine, iwe ndefu, maana dripu inachukua saa nne nzima, na ile ya kwangu iliisha kabla tone la kwanza halijashuka.

Mjukuu wako,
Kondo