Mafuta Yaliyokuwa Nyuma ya Mlango

Kaka yangu Wandera,

Leo nimemwambia mama. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. "Sema haraka, pancha inaningoja," ndivyo ulivyokuwa ukiniambia. Miaka minne nimelibeba jambo hili peke yangu, na sasa nimelitua, lakini sisikii wepesi wowote. Sisikii kitu.

Kile kigari chako bado kiko nyuma ya jikoni hapa Burumba. Kuna kuku anatagia kwenye kiti. Unakumbuka wazo lake ulilitoa wapi? Kwenye kipande cha gazeti kilichofungiwa mandazi: mzungu amekalia chuma chini karibu na ardhi, magurudumu manne madogo, kofia kama sufuria. Ulipangusa mafuta kwa shati ukasema, "Hii naunda." Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Wiki tatu baadaye fremu ilikuwa imesimama, vyuma vya baiskeli kuukuu ulivyovichomelea mwenyewe, na magurudumu ya wilbaro. Kilichobaki ni kitu cha kuiendesha.

Wewe ulitaka pedali. Ulikuwa umetengeneza baiskeli za boda boda pale mpakani tangu uache shule, na mnyororo uliuamini kuliko binadamu. "Pedali haiishiwi mafuta," ulisema. Rafiki yako wa Malaba akaleta wazo la betri ya lori na mota ya stata, ile inayowashia lori. Tukajaribu kuiinua hiyo betri, lo, wawili wazima tukashindwa kuivusha mlango, na kila ikiisha chaji ingebidi irudi mjini. Hiyo ikafa hapo hapo. Mimi, msichana wa kidato cha tatu niliyejua kila kitu, nikasema injini. Pampu ya petroli ya mjomba, ile aliyokuwa akinyunyizia nyanya kule Port Victoria, ilikuwa imelala tu stoo. Nikakuchorea mkanda na puli, kigurudumu cha kuuzungushia, kwenye daftari la fizikia. Ukaendelea kubisha, nikakuambia pedali ni ya watoto.

Hilo neno ndilo lililokumaliza. "Haya basi, mwalimu," ukasema, "lakini ikikataa kuwaka utaisukuma mwenyewe."

Siku ya kuijaribu ilikuwa Jumamosi, saa kumi. Petroli tulikuwa tumenunua kwa wale wanaoivusha mpakani kwa mitungi, na mtungi wetu ulikuwa wa njano, sawasawa na ule wa mafuta ya taa uliokaa chini ya meza. Mimi ndiye niliyeuweka ule wa petroli nyuma ya mlango wa jikoni, usipigwe na jua. Nilikuwa nimepiga magoti nje nikivuta mkanda, ukaita kutoka ndani.

"We Nafula! Mafuta iko wapi?"

"Nyuma ya mlango!"

Huku kwetu yote ni mafuta. Ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, ya gari. Kichwa changu kilikuwa kwenye injini, na wewe ulikuwa unajaza stovu ya mafuta ya taa uchemshe chai. Nilijibu bila hata kugeuka. Halafu nikasikia mlipuko.

Siku tisa ulikaa hospitalini, na mimi nilikuja mara mbili tu. Nisamehe kwa hilo pia.

Matangani walisema ulichanganya mitungi kwa haraka zako. Nikanyamaza. Na kila aliyekuja kumpa mama pole, mama alimwambia, "Ni mimi nilimtuma achemshe chai. Ningekunywa maji tu." Amelisema kanisani, amelisema sokoni Khunyangu, kwa watu asiowajua hata jina. Nilidhani alikuachia maagizo asubuhi kabla ya kwenda sokoni. Nikamwacha ajilaumu, kwa sababu akijilaumu yeye, hakuna anayeniuliza mimi. Ndivyo nilivyokuwa, kaka. Sina namna nzuri ya kulisema.

Tangu siku hiyo sijalia. Dukani nataja jina lote, mafuta ya taa, mafuta ya kupikia, na mwenye duka ananitania, "Karibu, madam wa Kiswahili sanifu." Anacheka, nami nacheka.

Leo asubuhi tulikuwa tunamenya viazi, akaanza tena habari ya chai. Nikamwambia yote: mtungi, mlango, jibu langu. Niliongea kama mtu anayesoma barua ya mwingine.

Mama hakuacha kumenya. "Najua," alisema. "Nilikuwa nimefika, nashusha kikapu hapo nje. Nilikusikia ukimjibu."

"Lakini mama, si ulisema ulimtuma?"

"Sikumtuma. Mtoto aliniona tu nakuja, akaamua kunipikia chai."

"Sasa kwa nini umekuwa ukisema ni wewe?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina lake.

"Nilikuwa nimebaki na mmoja."

Nimeingia jikoni nikawasha makaa nikampikia chai. Ameinywa yote. Machozi bado hayajaja, Wandera. Lakini pedali zako ziko ndani ya lile gunia la spana, nimeziangalia, hazijashika kutu sana. Kesho nitamhamisha kuku, nizifunge ulivyotaka.

Lala, kaka.

Ni mimi dada yako, yule mwalimu.