Pamba Niliyompangusia Amisi

Baba yangu, muganga wangu wa kwanza,

Nina hamu na wewe kuliko hata siku ile tulipokuzika. Wiki hii nimekosa mtu wa kumwuliza.

Unakumbuka miaka ya vita, mji wetu wa Kindu umefungwa, treni haifiki tena, dawa zimekwisha hospitalini? Wewe uliendelea kutibu watu barazani kwetu. Spiriti haikuwapo, basi ulitumia lutuku, ile pombe kali ya mihogo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, kazi yangu ni kulowesha pamba. "Pangusa kwanza, mama," uliniambia, maana nilirithi jina la mama yako. "Tuko maskini, lakini mikono isikuwe muchafu." Siku moja ulilamba kidole ukakunja uso, tukacheka mpaka mgonjwa naye akacheka. Ee, baba! Tulicheka, na risasi zinalia ng'ambo ya Lualaba.

Mkono wangu haukusahau somo lako, na ndilo lililoniponza.

Siku hizi ninafanya kazi katika laboratwari, maabara ya hospitali. Mwezi uliopita motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria aitwaye Amisi, alimgonga mama Zaina, muuza mchele wa hapa mtaani Kasuku, akamvunja mguu. Watu wakasema amelewa. Tribinali, yaani mahakama, ikaamuru apimwe damu, polisi wakamleta kwangu. Amisi akaniambia: "Mama, sikunywa hata kidogo. Upime muzuri, niko na watoto." Nikamwambia anyamaze, nikampangusa mkono kwa spiriti, nikatoa damu. Ikapelekwa kwa ndege hadi mji mkubwa wenye mashine ya kipimo hicho, jibu likarudi: pombe iko.

Lakini baba, damu ya kupima pombe haitolewi hivyo. Ngozi husafishwa kwa maji na sabuni, maana spiriti yaweza kuingia katika damu na kuharibu kipimo. Nilifundishwa hivyo, lakini mkono ukafuata mazoea. Kosa hilo nililikumbuka siku ya kesi tu, jaji aliponiambia nieleze kazi yangu hatua kwa hatua. Amisi yuko mbele yangu, gereza linamngoja. Huku mama Zaina, mguu katika plasta, ananitazama kwa matumaini. Ningeweza kuruka hatua hiyo moja tu katika maelezo yangu. Nani angejua?

Nikasema. "Nilimupangusa na spiriti. Kipimo hiki musikitegemee."

Kipimo kikatupwa, kesi ikakosa nguvu, Amisi akaachiliwa. Mkubwa wangu amenisimamisha kazi. Hilo nalibeba. Lakini pale nje ya tribinali mama Zaina alinishika nguo: "Basi mguu wangu ulijivunja peke yake?" Sijui hata leo kama Amisi alikunywa au hakunywa. Damu iliyoweza kutuambia niliiharibu mimi.

Kesho yake nilikwenda kwa mama Zaina kuomba msamaha, akanifungia mlango. Nikarudi, akanifungia tena. Nina aibu, baba, na nina hasira na nafsi yangu. Ningekuwa na wewe ningekaa tu karibu yako.

Leo asubuhi nilirudi mara ya tatu. Alifungua. Hakunisalimu, hakuniambia karibu. Aliketi kizingitini, akanyoosha mguu wake mbele yangu, akageuza uso pembeni. Nikapiga magoti kuuangalia.

Pumzika, baba. Kesho nitakwenda tena.

Ni mimi, binti yako.