Anakosekana Mmoja

Ng'ambo ya mpaka, 9 Julai

Mama mpenzi,

Shikamoo. Figo zinasemaje? Mimi ni mzima, ila kila gari likipunguza mwendo nje ya hoteli nachungulia dirishani.

Simu nimeizima wasije wakanifuata kwayo, ndiyo maana barua hii nampa Shemasi Purvis aivushe kwenye lori lake. Unaijua katiba ya jimbo letu: bila theluthi mbili ya wabunge ukumbini, akidi haitimii na hakuna kura. Basi sisi wabunge wa upande wa wachache tumetoroka, ili ule mswada wa kufunga hospitali za wilaya usipite. Spika ametuma askari waturudishe kwa nguvu, lakini wakivuka mpaka hawana meno. Kikao maalumu kikimaliza siku zake thelathini kinakufa chenyewe, hata gavana hawezi kukirefusha. Imebaki wiki moja.

Hospitali yako haifungwi, Mama. Lakini naogopa.

Mwanao,
Vernell

Pruitt Creek, 12 Julai

Mwanangu Vernell,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisomea chooni, maana askari wawili wameegesha gari mbele ya nyumba. Mimi sijambo kabisa. Mashine inanisafisha damu kama kawaida, nakula, nalala.

Mmoja wa hao askari ni mjukuu wa Hattie wa kanisani kwetu! Nikamwambia, "Wewe niliyekufundisha Biblia, leo umekuja kumwinda mwanangu?" Akainama. "Bibi Ozella, mimi natumwa tu." "Haya, na kiti cha gari kikuchome makalio." Halafu nikampelekea chai ya barafu, jua lilikuwa kali mno.

Chakula kisikusumbue. Kina mama wa kanisa wameleta kuku wa kukaanga, mbaazi na pai tatu za pichi. Jokofu halifungiki.

Kaa huko huko.

Mama yako

Ng'ambo, 14 Julai

Mama,

Shikamoo. Sikuulizi hali, kwa sababu umenidanganya. Tangu lini kina mama wa kanisa wakampelekea mtu asiyeumwa kuku na pai? Kwetu sahani zilizofunikwa huenda kwenye nyumba yenye mgonjwa au yenye maiti. Nimemuuliza Shemasi, akaniambia nikuulize wewe mwenyewe.

Wenzangu wananisihi. Baadhi yetu wamechoka wakarudi, na sasa kule anakosekana mmoja tu. "Vernell, ukikamatwa wewe, akidi imetimia." Najua. Lakini mama sina mwingine. Nitapita nyuma, shamba la Kitts, nikuone, nirudi kabla hawajajua.

Mwanao,
Vernell

Pruitt Creek, 15 Julai asubuhi

Vernell,

Usije! Kweli nilianguka, nikalazwa, lakini nimetoka. Nikifa mimi amekufa mwanamke mmoja mzee. Hospitali ikifungwa, je, wote tunaolala kwenye zile mashine? Mjukuu wa Hattie wamemhamisha. Hawa wapya hawagusi chai yangu, na mmoja amesimama upande wa shamba la Kitts. Nakupigia magoti, mwanangu. Shemasi, kimbia!

Mama yako

Ukumbini, 16 Julai

Mama,

Umeamkaje? Shinikizo la damu limeshuka? Barua yako ilifika hotelini nikiwa nimeshaondoka. Shemasi amenipa leo, hapa mlangoni, mbele ya askari. Hadi kura ilipopigwa, milango ilifungwa kwa ufunguo na hata msalani nilisindikizwa.

Jana nilikushika mkono tu, kahawa haijapoa, askari wakaingia jikoni. Kilio chako bado kiko masikioni mwangu.

Spika aligonga meza akasema, "Akidi imetimia." Nilisimama nikapiga kura ya hapana, Mama, kwa sauti ya juu kuliko wote. Haikusaidia. Katiba haikuhitaji nikubali, ilihitaji niwepo. Mswada umepita na gavana anautia saini kesho.

Mashine nyingine iliyo karibu ni mwendo wa saa tatu kwa gari. Nitakuendesha mwenyewe, kila safari. Lakini wale wengine ataendesha nani? Naogopa kuwatazama usoni, na wewe nakuogopa zaidi. Niandikie, Mama, hata kwa kunitukana.

Mwanao,
Vernell