Si Jembe la Ngoro Lililokuondoa, Meinrad

Kisimani hapa Matiri bado wanasema wewe, Meinrad, uliharibikiwa kichwa kwa sababu ulishika jembe la mkeo. Ni mwaka mmoja sasa tangu ututoke, Baba Urban, na neno hilo halimtoki mkeo Celestina. Linamtia hofu kuliko hata siku ya mazishi yako.

Ulikuwa mtu wa huruma. Kwetu mwanaume hufyeka nyasi na kuzipanga, mwanamke ndiye huchimba ngoro, yale mashimo ya kulimia mlimani. Lakini tulipogawiwa mashamba ya kijiji cha ujamaa, Celestina akiwa na mimba ya Matilda, uliinama ukachimba naye. Wenzako wakakutania kuwa umeolewa. Ukawajibu kwamba aliyekuoa anapika vizuri.

Kila ukishuka Kihagara ziwani ulirudi na usipa, wale samaki wadogo, na fungu la kwanza likawa la mama mkwe.

Mgongo ulipoanza kukuuma, watu wakasema hayo ndiyo malipo ya kazi za kike. Celestina akakukanda kwa maji ya moto, akakunyang'anya jembe. Alikuona unavyokwenda kukojoa nyuma ya migomba na kukawia huko. Akiuliza, unasema ni mambo ya wanaume.

Kikafuata kichwa. Kilikuamsha kwa maumivu, ukatapika, mguu wa kushoto ukawa unaburuta. Asubuhi moja ulimtazama mkeo ukasema, "Shikamoo, mama." Watoto wakacheka, wakidhani ni utani wako. Yeye akamwaga uji.

Hospitalini daktari alieleza kwamba ugonjwa haukuanzia kichwani. Ni saratani iliyoanza kwenye tezi ya wanaume, chini ya kibofu, ikaingia mifupa ya mgongo, kisha ikafika kwenye ubongo. Ni mara chache kufika huko, alisema, ila ikishafika hana la kufanya. Celestina akamwuliza habari za jembe.

"Mama, hakuna jembe linaloleta hili."

Sasa mdogo wako Kiliani anashika kiuno. Naye anakwenda nyuma ya migomba, anakawia. Celestina alipomsihi aende akapimwe, alicheka.

"Shemeji, mimi jembe la mwanamke sijaligusa. Ugonjwa wa kaka utanipatia wapi?"

Tangu jibu hilo mkeo hali chakula akashiba. Ndiyo maana tunayasema haya mbele ya watu wote. Kiliani atatukasirikia. Na akasirike, mradi yu hai.

Ninyi mnaosoma, wa Matiri, wa Mpepai na wa kule ziwani, tunawaomba muepuke haya:

Kuficha mkojo unaokatikakatika au wenye damu.
Kusema kila mgongo unaouma ni shamba.
Kukandwa mwezi hadi mwezi bila kupimwa.
Kumcheka mtu aliyeanza kusahau watu wake, au kumzungusha kwa waganga.
Kuamini maneno ya kisimani.

Unakumbukwa na mkeo Celestina, wanao Urban, Ida na Matilda, mama mkwe wako Verediana, na mdogo wako Kiliani, ambaye tunaomba jina lake liendelee kuandikwa hapa, pamoja na sisi wanakijiji wenzako tulioandika haya.

Hatutakusahau, Baba Urban, siku zetu zote.