Mtu Mashuhuri wa Mji Wetu wa Nyasi

Mjukuu wangu Wambui,

Mimi guka wako, babu yako mzee, nina miaka themanini na mbili, na nimemzika hata daktari aliyenikataza chumvi. Hapa mjini Bowie tu wazima. Mama yako bado anafanya shifti hospitalini.

Umesema huko Kansas mji wenu mdogo umeweka kibao cha watu wake mashuhuri, ukauliza kama mji wetu wa kule nyumbani tulikotoka ulikuwa nao. Ukiniondoa mimi, alikuwepo mmoja.

Kiangazi kimoja nyasi za mbuga zilishika moto, na upepo ukauleta kwenye maduka yetu ya mbao. Wanaume tuliupiga kwa matawi mabichi, mimi mbele ya wote, lakini wapi! Ndipo Njeri, msichana muuza chai, akachukua kijinga cha moto jikoni, akaanza kuchoma nyasi za kando ya maduka.

"We Njeri, umerogwa?" wazee wakafoka.

"Pigeni kelele baadaye! Zuieni huu wangu usiguse mbao!"

Nikaenda kuuzuia moto wake. Moto mkubwa ulipofika ulikuta majivu matupu, ukafa njaa.

Hakuna aliyemwekea kibao. Mimi nilimjengea nyumba. Muulize shosho wako, mke wangu Njeri, yuko hapa anapepeta maharagwe. Atakubali yote, ila atakataa kwamba mimi ndiye niliyekuwa mbele.