Nikubali Kwamba Ni Mimi Niliyeua Mtandao wa Hoteli?

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijatamka jambo ambalo sitaweza kulirudisha. Naitwa Costancia, nakaa Mabwerebwere hapa Kilosa, ni fundi wa mtandao kwenye hoteli moja ya watalii Mikumi, na jina langu usilifiche kwa sababu sijafanya la kuficha. Hoteli ina swichi mbili za mtandao, yale masanduku yanayounganisha kompyuta, simu za vyumbani na mashine za kulipia kwa kadi, ni za zamani sana na programu endeshi yake imepitwa na wakati kiasi kwamba mtu mwenye nia mbaya anaweza kupenya, na mimi ndiye niliyekuwa nikiomba tangu mwaka jana tuziapdeti, yaani tuziwekee programu mpya, ila kwa utaratibu, siku yenye wageni wachache, nakala ya programu ya zamani ikiwa imehifadhiwa pembeni na betri ya akiba ipo, maana umeme wetu unaujua.

Meneja wetu, mzee Melkizedek, alikataa kila mara, halafu Jumamosi moja hoteli imejaa akaja anataka zote ziapdetiwe kabla ya chakula cha mchana kwa kuwa mwenye hoteli anakuja na wakaguzi.

Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Leo siifanyi."

Akasema, "Marahaba. Basi nitaifanya mwenyewe, hata mimi nilisoma hayo mambo."

Akaanza na moja kweli, na kwa kuwa nafasi ya kuhifadhi ndani ya swichi ni ndogo akafuta programu ya zamani ili mpya ienee, mpya ikiwa bado inaingia umeme ukakatika, uliporudi swichi ikawaka taa tu, haina programu ya kuiendesha, simu kimya, malipo hakuna, wageni wamejaa mapokezi wanataka kuondoka. Nilikaa sakafuni na kompyuta yangu na waya nikiipakia programu mpya upya, hadi jioni nikaifufua, hakuna aliyeniambia asante, na Jumatatu nikaitwa kwa mwenye hoteli nikakuta mzee ameshamweleza kwamba ni mimi niliyeiharibu. Nilishikwa na hasira, nikachukua mkoba nikatoka bila kusema neno. Sasa natakiwa Ijumaa niombe radhi mbele ya wafanyakazi wote, la sivyo kazi basi.

Kinachoniuma zaidi, mzee huyo ni baba mdogo wa mchumba wangu Zabron, na ndiye aliyeleta posa kwetu Mvumi. Zabron ananiambia, "Kubali tu, Costa. Ni neno moja, yataisha." Nikamjibu, "Kama ni jepesi hivyo, liseme wewe." Tangu hapo hatuongei. Mama naye anasema mdomo wangu utanizeesha nyumbani kwake. Mimi siombi radhi, mshauri. Ninachouliza ni kama nina kosa.

Costancia, Mabwerebwere

Shangazi Hildegarda anajibu:

Costancia mwanangu, kosa unalo, ila si hilo wanalokusingizia. Kosa lako ni kutoka ofisini kwa mwenye hoteli umebana mdomo. Jumamosi ulikuwa na maneno ya kumwambia meneja, Jumatatu yalikwenda wapi? Ulimwachia mzee Melkizedek asimulie peke yake.

Radhi usiombe. Ulikataa kazi ya hatari kwa adabu, na ilipoharibika hukukunja mikono. Ukikiri kosa la mwenzako ili yaishe, hayataisha. Siku kitu kingine kikiharibika wataanza na jina lako.

Usisubiri Ijumaa. Nenda kesho kwa mwenye hoteli, na ukimkuta mzee humo mwamkie kama siku zote, shikamoo haina ugomvi na mtu. Kisha eleza kwa mpangilio uliomba nini, ulikataa nini na kwa nini, nani alifuta, nani alifufua. Usilie na usimtukane mtu. Mwambie swichi ya pili bado ina programu ile ile ya zamani na uko tayari kuiapdeti, ila kwa masharti yako yale yale, na usipunguze hata moja. Akikufukuza, ofisi zenye mitambo chakavu kuanzia Kilosa hadi Morogoro ni nyingi.

Zabron usimnunie, unampa nafasi ya kukwepa. Mwite umuulize uso kwa uso: "Ndugu zako wakinisingizia nikiwa mkeo, utasimama upande gani?" Akianza kuzungukazunguka, posa irudi kwao, na mama yako mpe namba yangu nitaongea naye.

Na wakikulazimisha kusimama mbele ya wafanyakazi hiyo Ijumaa, simama. Sema, "Sikuifanya mimi," wasikie hadi wa jikoni. Kisha nenda ukaendelee na kazi yako.